Mgeni, Siku Zake na Jembe

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Katika gazeti letu la muhula huu napenda kueleza habari za wageni watokao nchi za nje, jinsi wanavyoruhusiwa kuingia Tanzania na kukaa. Nimechagua somo hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mgeni akiisha kupata viza, mambo yake yamekwisha. Sivyo. Tena kwa habari ya jembe, sheria ya nchi na methali hii hazipatani, na asiyejua hayo aweza kumponza mgeni wake na kujiponza mwenyewe.

Pengine msomaji atauliza, "Shishiyu na mipaka wapi na wapi?" Ni kweli, sisi tu mbali na mpaka. Lakini mtu akiingia kwa Sirari, akapita Bunda na Lamadi, kisha akashika njia ya Bariadi na Maswa, mwisho atafika kwetu. Huku hakuna ofisa wa uhamiaji katika kila kijiji. Anayempokea mgeni ni mwenye nyumba, yaani baba zetu na mama zetu.

Yatupasa kwanza kutofautisha vitu vitatu.

Cha kwanza ni pasipoti. Hii hutolewa na nchi ya mgeni mwenyewe, nayo yapaswa kuwa na uhai wa miezi 6 au zaidi. Kama ametoka katika nchi yenye homa ya manjano, huonyesha pia cheti cha chanjo.

Cha pili ni viza. Viza ni ruhusa ya kuja mpaka mlangoni. Huombwa kwa njia ya intaneti, au katika balozi zetu, na wageni wa nchi nyingi waweza kuipata wafikapo kwenye vituo vikubwa, kama viwanja vya ndege vya Julius Nyerere na Kilimanjaro. Lakini watu wa nchi nyingine hawana budi kungoja kibali cha Idara ya Uhamiaji kabla ya kusafiri. Ada ya viza ya kawaida ni dola 50 za Marekani. Raia wa Marekani hulipa dola 100, na viza yao huwaruhusu kuingia mara nyingi katika mwaka mmoja. Apitaye tu kwenda nchi nyingine hulipa dola 30, na siku zake hazizidi 7.

Cha tatu ni pasi ya matembezi, ambayo hutolewa mlangoni. Hapo ofisa humwuliza mgeni anakwenda wapi, amefuata nini, na ana fedha za kumtosha au hana. Asiporidhika aweza kumkatalia, hata kama viza anayo. Akiridhika hugonga muhuri, na siku zilizoandikwa hapo ndizo siku za mgeni. Kwa kawaida hazizidi 90. Hata Mmarekani mwenye viza ya mwaka haruhusiwi kukaa mwaka mzima, bali miezi 3 kwa kila safari.

Sasa tuje kwenye jembe. Mwenye pasi ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Chukua mfano wa pamba yetu. Mashine ya kiwanda cha kuchambua pamba ikiharibika, na fundi akaitwa kutoka ng'ambo, fundi huyo hawezi kuja kwa viza ya kawaida. Humpasa kuchukua viza ya biashara, ambayo ada yake ni dola 250, na muda wake hauzidi miezi 3. Akitaka kuajiriwa hasa, yampasa kupata kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015, na pia kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Vibali vya ukaazi vina madaraja matatu. Daraja A ni la mwenye mtaji wake, B ni la mwajiriwa, na C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea.

Zaidi ya hayo, Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara kadha wa kadha, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Amri hiyo humwadhibu pia raia anayewasaidia.

Majirani zetu je? Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na Warundi hawadaiwi viza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewafungulia njia, na kanuni zake zinaruhusu pasi ya hadi miezi 6. Lakini hati ya kusafiria lazima wawe nayo, na mlangoni lazima wapite. Ujirani peke yake si kibali cha kazi.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Mwaka 2023 baba yangu mdogo alikuja kwenye msiba wa bibi. Alizaliwa hapa, akachunga ng'ombe hapa, lakini siku hizi ni raia wa Marekani, na sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Basi alilipa viza kama mgeni yeyote. Wazee walipomwambia akae mpaka mavuno, alifungua pasipoti akawaonyesha tarehe yake. Walinyamaza. Nami nilielewa siku ile kwamba muhuri hautazami kitovu cha mtu kimezikwa wapi.

Tena tukumbuke Septemba 2013, ilipoanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu wasio na vibali waliondoka nchini, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa miaka mingi, wakaoa na kuzaa hapa. Ingalifaa zaidi kama mambo yao yangalitazamwa mapema, kabla watoto hawajazaliwa.

Kwa hiyo nawashauri wazazi na wanafunzi wenzangu hivi. Mgeni akija tumkaribishe, ale, apumzike. Kisha tumwulize kwa heshima, "Siku zako zinakwisha lini?" Tumpeleke kwa mwenyekiti ili afahamike. Akitaka kuongeza siku, au kushika kazi, aende ofisi ya Uhamiaji Bariadi kabla siku hazijakwisha, wala asingoje kukamatwa. Tusimfukuze wala kumtisha, maana hiyo si kazi yetu. Lakini jembe tusimpe mpaka awe na kibali mkononi.