Je, Dira Ikigeuka, Kibla Kitageuka?

Kijana mmoja wa Mponde, katika milima ya Usambara, ambaye hutafuta kibla kwa dira, aliuliza: "Nimesikia kwamba ncha za dunia hugeuka, kaskazini ikawa kusini. Je, ndiyo siku jua litakapochomoza magharibi? Na sisi tutaelekea wapi katika sala?" Swali hili lastahili jibu la wazi.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba kinachogeuka si dunia, bali ni nguvu yake ya sumaku. Chini yetu, umbali wa kilomita 2,900 hivi, kuna chuma kilichoyeyuka. Joto na mzunguko wa dunia hukifanya chuma hicho kitembee daima. Mwendo wake huzaa umeme, na umeme huzaa sumaku. Lakini mwendo huo hautulii. Baada ya muda mrefu sehemu zenye mwelekeo wa kinyume huweza kuongezeka, sumaku kuu ikadhoofika, kisha ikapata nguvu tena ikielekea upande wa pili. Jambo hilo huchukua maelfu ya miaka, wala halina majira maalumu. Mara ya mwisho lilitokea miaka 780,000 hivi iliyopita.

Ushahidi upo hapa hapa Tanzania. Lava ya volkeno inapopoa, chembe zake zenye chuma hushika mwelekeo wa sumaku ya wakati ule na kuuhifadhi. Mwaka 1963 wataalamu Grommé na Hay walitangaza kwamba lava ya kale ya Bonde la Olduvai imeelekea kama dira ya leo. Ikaja kudhihirika kwamba lava hiyo ni ya kipindi cha miaka 1,950,000 hadi 1,780,000 hivi iliyopita, ilhali kabla na baada yake sumaku ilikuwa kinyume. Ulimwengu mzima wataalamu hukiita kipindi hicho kwa jina la Olduvai.

Sasa turudi kwenye kibla. Kutoka Mponde, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikielemea mashariki kidogo. Basi sumaku ikigeuka, mwenye kufuata sindano bila kufikiri ataipa Kaaba mgongo. Lakini Kaaba haitakuwa imehama, na jua litachomoza mashariki vile vile, kwani mzunguko wa dunia hautawaliwi na sumaku. Kwa hiyo habari ya jua kuchomoza magharibi isichanganywe na jambo hili.

Dira ni chombo tu, ndugu msomaji. Hata ukiikosa, simama asubuhi, jua liwe mkono wako wa kulia: uso wako utakuwa umeelekea upande wa kaskazini.