Kamera za Dukani: Chagua Kompyuta Itakayohimili Joto na Stima ya Garissa

Mteja anarudi dukani jioni anasema, "Nilitoa elfu kumi, ukanipa elfu nane." Wewe una uhakika ulihesabu zote. Ujumbe wa simu unaonyesha muamala ulikamilika, lakini hauonyeshi noti ngapi zilipita kaunta. Hapo ndipo rekodi ya kamera inaokoa pesa na heshima ya watu wawili.

Mawakala na wafanyabiashara wengi, kuanzia Soko Mugdi hadi Dadaab na Wajir, wanaweza kununua mashine ya kurekodi iliyo tayari. Kama unahitaji kamera moja au mbili tu, nunua hiyo, inatosha. Lakini ukitaka kamera nne au zaidi, rekodi za wiki kadhaa, na kifaa ambacho fundi wa mtaani anaweza kubadilisha kipuri chake, kuunda mfumo wako kwa kompyuta iliyotumika ni njia nzuri. Somo la leo ni jinsi ya kuchagua vifaa bila kutupa pesa.

1. Anza na hesabu ya diski

Wengi huuliza kwanza, "Kompyuta gani?" Swali la kwanza ni, "Nataka kuhifadhi siku ngapi?" Malalamiko ya pesa mara nyingi huja baada ya siku kadhaa, kwa hivyo siku 14 ni kiwango kizuri cha kuanzia.

Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hula karibu GB 22 kwa siku. Kamera nne ni kama GB 86 kwa siku. Kwa siku 14 unahitaji karibu TB 1.2, kwa hivyo diski ya TB 2 inatosha na nafasi inabaki. Ukitaka siku 30, chukua TB 4.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kawaida haikuundwa kuandikwa usiku na mchana bila kupumzika. Programu ya kompyuta yenyewe iweke kwenye SSD ndogo, ili diski kubwa ibaki ya video peke yake.

Hesabu hii pia inaonyesha kwa nini usitegemee kutuma video zote kwenye intaneti. GB 86 kwa siku itamaliza bando lako kabla ya adhuhuri, na mtandao ukipotea hakuna rekodi. Rekodi pale pale dukani.

2. Prosesa: soma namba, usisome stika

"Core i5" peke yake haikuambii kitu. Angalia namba inayofuata. i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Kamera nyingi za sasa hutumia H.265, mfumo unaobana video iwe ndogo zaidi kuliko H.264. Kuanzia kizazi cha 6, prosesa za Intel zenye sehemu ya picha ndani yake hufungua H.265 bila kuchoka. Kizazi cha 4 kitafanya kazi hiyo kwa nguvu nyingi, kwa hivyo kitachemka, na stima itaenda.

Kwa kamera nne, i5 ya kizazi cha 6 kwenda juu na RAM ya GB 8 inatosha. Huhitaji kadi ya picha ya michezo. Programu za bure kama ZoneMinder na Frigate zinaweza kufanya kazi kwenye mashine kama hii.

Kuhusu umbo, kompyuta ndogo kabisa inayoshikika kwa mkono mmoja hula stima kidogo, lakini kwa kawaida haina nafasi ya diski kubwa ya inchi 3.5. Kompyuta nyembamba ya ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk za umbo la SFF, mara nyingi huwa na nafasi hiyo. Mwambie muuzaji aifungue uone kwa macho yako.

3. Stima na tokeni

Mfumo huu hauzimwi, kwa hivyo kila wati ni pesa. Chukua mfano wa kompyuta wati 35, kamera nne wati 20, swichi na rauta wati 10. Jumla ni wati 65. Kwa mwezi hiyo ni kama yuniti 47 za tokeni. Mtu aliyechukua kompyuta ya michezo ikawa mfumo mzima unakula wati 150, atalipa yuniti 108 kwa kazi ile ile.

Stima ikipotea? Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina kama Wh 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu isije ikafa mapema. Ukitoa kinachopotea kwenye inverta, unapata karibu saa 7 au 8. Jua la Garissa tunalo bure, kwa hivyo paneli ya sola ya kuchaji betri hiyo ni wazo la maana.

4. Joto na vumbi

Diski nyingi za kawaida zinakubali joto la hadi nyuzi 60. Ndani ya duka la mabati saa nane mchana, ndani ya kabati lililofungwa, umbali wa kufika hapo ni mdogo. Weka kompyuta chini, mbali na paa, nyuma ya wavu wa chuma unaofungwa kwa kufuli lakini unaopitisha hewa. Pulizia vumbi kila mwezi. Programu ikionyesha diski inapita nyuzi 50 kila siku, ongeza feni.

5. Kebo, saa na nywila

- Tumia swichi ya PoE, inayopeleka umeme na picha kwenye kebo moja. Kebo isizidi mita 100, na iwe shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba.
- Saa ya kamera lazima ilingane na saa ya ujumbe wa simu. Ujumbe ukisema 3:42 PM na kamera ikaandika 4:10 PM, ushahidi wako umepungua nguvu. Badilisha ile betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta iliyotumika.
- Badilisha nywila ya kiwandani kwa kila kamera. Mwaka 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu nywila hizo tu.
- Kamera ione noti na kaunta, isione vidole vya mteja akibonyeza PIN.
- Bandika tangazo kwamba kuna kamera. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni za 2021, biashara inayoendesha kamera za usalama inahitaji kujisajili kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata ikiwa ndogo.

6. Kulipa bila kuibiwa

Vifaa vingi vinatoka Nairobi, karibu kilomita 370. Ukinunua kwa simu:

- Lipa kwa namba ya biashara, si namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.
- Usitume "diposti ya kushikilia mzigo" kwa mtu usiyemjua. Tafuta muuzaji anayekubali ulipe mzigo ukifika.
- Omba picha ya namba ya prosesa na ripoti ya afya ya diski. Anayekataa, muache.
- Hifadhi ujumbe wa malipo hadi dhamana iishe.

Ukishafunga kila kitu, fanya jaribio moja. Zima stima, subiri dakika kumi, irudishe, kisha tafuta muamala wa leo kwenye rekodi kwa kutumia saa ya ujumbe. Ukiona noti zinahesabiwa, mfumo wako uko tayari.

Kumbuka, hakuna fundi wa kamera wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako. Ni siri yako.