Paka mzee wa stoo akiumwa: usimpimie antibaiotiki kwa macho

Leo tunaacha kidogo mbolea na palizi, tunazungumzia mfanyakazi asiyelipwa: paka wa stoo. Ukishavuna SARO 5 yako ukaipanga kwenye viroba kusubiri bei, anayekesha na panya ni yeye. Na wengi wenu paka mlio nao ni wa siku nyingi, miaka 10 na zaidi.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bwana shamba, paka wangu mzee ana jipu, hali vizuri. Nina OTC ya ng'ombe na dawa ya kuku ndani. Nimpe kiasi gani?"

Jibu fupi: usimpe kabla hajaonwa na daktari wa mifugo. Sasa twende kwenye sababu, maana ukizielewa utaweza hata kumuuliza daktari maswali ya maana.

1. Fanya hesabu uone mwenyewe

OTC ya 20% maana yake kila ml 1 ina mg 200 za dawa. Kwa ng'ombe kipimo ni ml 1 kwa kilo 10, hivyo ng'ombe wa kilo 250 anachomwa ml 25. Paka wa kilo 4, hata ungetumia kipimo hichohicho, angepata ml 0.4 tu, chini ya nusu ml. Mtu "akikadiria" ml 2 kwenye sirinji ya ng'ombe, tayari amempiga dozi mara tano. Na ile ya kukaa muda mrefu inafanya kazi mwilini siku tatu hivi. Ikishaingia, huna namna ya kuitoa.

Dawa ya kuku ndiyo mbaya zaidi. Angalia lebo, ukiona jina linaloanza na "Enro", hiyo ni enrofloksasini. Ya 10% ina mg 100 kwa kila ml. Paka hatakiwi kuzidi mg 5 kwa kilo kwa siku. Kwa hiyo paka wa kilo 4 mwisho wake ni mg 20, yaani ml 0.2, matone machache tu. Nusu kijiko cha chai ni ml 2.5, sawa na mg 250. Hapo umezidisha zaidi ya mara 12! Paka akizidishiwa dawa hii, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huharibika, anapofuka, na mara nyingi haoni tena maisha yake yote. Kuku hawapati shida hiyo, ndiyo maana watu hawaitegemei.

2. Kwa nini mzee ni tofauti

Kwanza, figo. Antibaiotiki nyingi hutoka mwilini kupitia figo, na kwa paka wazee figo kuchoka ni jambo la kawaida. Dawa inakawia kutoka, dozi ya leo inakuta ya jana bado ipo. Dozi ambayo kwa kijana ni sawa, kwa mzee inaweza kugeuka sumu. Dalili za figo kuchoka: anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakonda. Ukiziona, mwambie daktari kabla hajaandika dawa. Kuwa makini na jentamaisini, inaumiza figo, na streptomaisini, ambayo mara nyingi imechanganywa na penisilini kwenye chupa moja. Hii inaweza kuharibu sikio la ndani, paka akaanza kuyumba.

Pili, uzito. Paka aliyekuwa kilo 4.5 miaka mitatu iliyopita leo anaweza kuwa kilo 3. Ukirudia dozi ile ya zamani, umemzidishia kwa nusu nzima.

3. Mpime leo

Mizani ya gunia haimfai. Muweke kwenye kikapu chenye mfuniko, upime kwa mizani ndogo ya dukani, kisha utoe uzito wa kikapu. Andika namba hiyo na tarehe.

4. Huenda antibaiotiki haihitajiki kabisa

Dawa hizi zinaua bakteria tu. Mafua ya paka mengi huanzishwa na virusi. Jipu la kung'atwa linataka kupasuliwa na kusafishwa, sindano peke yake haitoshi. Na kama umetega sumu ya panya stoo, paka akala panya aliyekufa, kisha fizi zikawa nyeupe au zinatoka damu, hiyo ni dharura. Wahi kwa daktari siku hiyohiyo na ubebe pakiti ya sumu.

Panadol usimpe hata kipande. Kwa paka ni sumu inayoua.

5. Maswali ya kumuuliza daktari

- Ni mg ngapi kwa kilo, na kwa uzito wake ni ml au vidonge vingapi?
- Mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?
- Dawa hii ni salama kwa figo zake?
- Apewe na chakula au bila chakula?

Ukipewa doksisaiklini ya kidonge, usimmezeshe kikavu. Kinaweza kunasa kooni na kuchoma. Mfuatishie chakula laini au maji kidogo kwa sirinji isiyo na sindano. Ukisahau dozi moja, usimpe mbili kwa mpigo, na usikatishe dawa siku ya pili kwa sababu ameanza kula.

6. Piga simu haraka ukiona haya

Anatapika mara kwa mara, anayumba, anagonga vitu, mboni za macho zimetanuka hata juani, hakojoi, au hajala siku nzima. Usimwongezee dawa ukidhani haijafanya kazi.

Daktari wa wilaya akishindwa kupima figo, muombe akuelekeze hospitali ya wanyama ya SUA, Morogoro. Akikung'ata wakati wa kummezesha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali, kwa sababu kichaa kinaletwa na paka pia, siyo mbwa peke yake.

Dawa ikibaki, usiimimine kwenye maji ya kuku. Utazalisha vimelea sugu na mabaki ya dawa kwenye mayai unayouza.

Kazi ya wiki hii: mpime paka wako, andika uzito, bandika ukutani stoo pamoja na namba ya daktari wako wa mifugo. Siku akiumwa, hutakadiria.