Kunyoosha safu za jedwali la kata za Kibiti

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Bungu. Naandaa jedwali la kata za Wilaya ya Kibiti na idadi ya watu ya sensa ya 2022, liwekwe Wikipedia ya Kiswahili. Kuna vitufe vya kubonyeza ili tarakimu zote zikae kulia?

JIBU: Mwalimu, kitufe cha moja kwa moja hakipo, upangaji wa safu huandikwa kwenye msimbo wenyewe. Usijaribu kusukuma tarakimu kwa nafasi tupu, maana programu huzipuuza. Wala usiandike agizo kwenye kila kisanduku, utachoka bure. Liweke mara moja tu, pale jedwali linapoanza:

{| class="wikitable" style="text-align:right"

Kila kitu kitahamia kulia, isipokuwa vichwa vya safu, ambavyo hubaki katikati. Majina ya kata yarudishe kushoto hivi:

| style="text-align:left" | Mtawanya ||

Idadi ya watu inafuata kwenye mstari huohuo. Angalia sana vile vistari: kimoja baada ya agizo, viwili kati ya visanduku. Makosa mengi huzaliwa hapo.

Vitufe vinasaidia sasa. Nakili kipande hicho kwa Ctrl+C, kibandike kwa Ctrl+V kwenye kila mstari, ubadilishe jina tu: Mchukwi, Salale, Kiongoroni. Kwenye Windows, Alt+Shift+P huonyesha hakikisho kabla hujahifadhi. Makumi yakikaa chini ya makumi, msomaji atalinganisha kata kwa kutupa jicho.