Amenenepa, au amevimba?

Ndugu wakulima wa Kasongo na Kabambare,

Kuna nchi ambako vijana wanapelekwa kambini kufundishwa kupika na kula vizuri ili wapunguze uzito. Tulipowaeleza vijana wa kooperative zetu katika mafunzo ya upishi, walicheka sana. Siku hiyohiyo mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto mwenye mashavu ya duara, na wenzake wakamsifu: "Huyu anakula kweli, amenenepa!" Tukamshika mtoto miguu yote miwili, tukabonyeza kwa vidole gumba kwa sekunde 3. Tulipoachia, vishimo vilibaki.

Mtoto alikuwa amevimba. Hiyo ni kwashiorkor, ambayo ndugu zetu wa Kivu wanaiita bwaki. Ukiona vishimo hivyo kwenye miguu yote miwili, usianze kutafuta cha kumpikia. Mpeleke kituo cha afya siku ileile. Vilevile mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wa mkono unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115. Sufuria inakinga, lakini mtoto aliyefika hapo anahitaji dawa na chakula cha matibabu.

Sasa inakinga namna gani? Siye maagronomu tulianza vibaya. Tulifundisha maziwa, mayai na karoti, kama tulivyosoma chuoni. Baba mmoja akatuuliza: "Maziwa ya ng'ombe gani?" Tukafunga daftari.

Tukarudi kwenye mashamba yenu. Bugali ya muhogo inashibisha na inatia nguvu, lakini peke yake haijengi mwili wa mtoto. Vinavyojenga ni karanga, maharagi, soya na ndagala. Na karanga ndizo za kwanza kupanda baiskeli kwenda sokoni! Hatusemi msiuze, ada ya shule inatoka hapo. Tunaomba hesabu hii tu: gramu 30 za karanga zilizomenywa, kiganja kimoja hivi, kila siku kwa mwaka mzima ni karibu kilo 11. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha watoto wanne. Utengwe kabla ya kupima za kuuza, si baadaye. Ukauke vizuri, na karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama inauma.

Kwa uji, tulichanganya vikombe vitatu vya unga wa mahindi, kimoja cha unga wa soya na kimoja cha karanga zilizotwangwa. Soya lazima ikaangwe kwanza hadi iive, maana mbichi inazuia tumbo kusaga chakula. (Vijana wanaume walisema jikoni ni mambo ya wamama, tukawapa kazi hiyo, wakaunguza sufuria mbili.) Uji uwe mzito, usitiririke kwenye kijiko. Mwishoni ongeza kijiko cha mawese mekundu. Wengi wanayachemsha mpaka yanakuwa meupe, kumbe rangi ile nyekundu ndiyo inayompa mtoto vitamini A ya macho. Yakishapauka, imekwenda.

Yule mtoto alilala kituoni, mama yake pembeni. Mafunzo yanaendelea baada ya mavuno ya karanga. Kila kooperative ilete sufuria yake, na vijana wanaume waje tena.