Kidonge cha njano kutoka chimboni

Likizo iliyopita nilikwenda Nyarugusu, Geita, kumsalimia mjomba anayechimba dhahabu maduarani. Nikamwambia UE zinanipa presha, usingizi hauji. Akacheka, akatoa kimfuko cha nailoni chenye vidonge vya njano.

“Mjomba, meza hiki, utalala kama gogo. Mimi huu mwaka wa pili navitumia.”

Nikamuuliza ni dawa gani. “Valium.” Alinunua gulioni, vya kuhesabu, bila boksi wala karatasi. Nasoma famasia mwaka wa tatu, lakini nilikigeuzageuza mkononi nisijue ndani kuna nini.

Nikakumbuka Ituri, Kongo mashariki, ambako nako watu huchimba dhahabu. Kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 1,000 walilazwa hospitali shingo zimepinda, macho yamegeukia juu, ndimi zinatoka nje. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Maabara ikaonyesha kwamba vidonge vya njano vilivyouzwa kama diazepamu, ndiyo hiyo Valium, havikuwa na diazepamu kabisa. Vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa makali ya akili. Haloperidoli huzuia dopamini kwenye ubongo, ndiyo maana misuli ya shingo na uso inaweza kukakamaa ghafla. Kuna waliokufa, wakiwemo watoto wadogo. Huku kwetu Usukumani, shingo ikipinda hivyo, wangapi wangesema karogwa?

Basi nimwambie mjomba atupe? Hapana, na hapa ndipo wengi tunakosea. Kama vile vidonge ni feki, hatujui anameza nini. Kama ni vya kweli, mwili wake umeshavizoea. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Akivichanganya na gongo, pumzi inaweza kukata usingizini. Kote kuwili, njia ni moja: aende hospitali, na vidonge avibebe vikaonekane.

Wanachuo wenzangu, tunaogawana vidonge hosteli wiki ya mitihani, tushike haya:

1. Dawa ya wasiwasi au usingizi ni ya cheti cha daktari. Nunua famasi iliyosajiliwa, dai risiti.
2. Angalia boksi: jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Kidonge kitupu usikimeze.
3. Shingo au taya ikikaza baada ya kumeza dawa, wahi hospitali na mabaki ya dawa. Ina tiba.
4. Ukitilia shaka dawa, toa taarifa TMDA.

Mjomba alinuna siku mbili. Ya tatu tukapanda bodaboda kwenda hospitali. Daktari alimpa dawa halali na ratiba ya kupunguza kidogo kidogo. Mimi niliendelea kulala kwa shida mpaka UE zikaisha.