UKIUGUA KABLA YA MBIO NDEFU: UANZE AU USIANZE?



Siku hizi mbio ndefu hufanyika mahali pengi nchini Tanzania. Mbio za Kilimanjaro, kwa mfano, zilianza mwaka 2003 mjini Moshi, na hufanyika kila mwaka. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Vijana wengi wa vijijini hujiandaa miezi mitatu au minne. Huamka alfajiri, hukimbia kwanza, ndipo huenda shambani.

Tumfikirie kijana mmoja wa namna hiyo. Amefanya mazoezi miezi minne. Ndugu zake wamechanga nauli na ada ya kuingia. Mbio ni Jumapili. Jumatano usiku anashikwa na homa. Anatetemeka, kichwa kinamgonga, viungo vyote vinauma. Je, Jumapili aanze mbio au asianze?

Jambo hili si dogo. Asipokwenda, jasho lake na fedha za watu zinaonekana kupotea. Akienda, anaweza kudhurika vibaya. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuamua.

USHUJAA NA UGONJWA

Watu wengi husema, "Mwanamume hakubali kushindwa na homa." Hutoa mfano wa Kipchoge Keino wa Kenya. Ni mfano wa kweli, lakini tuusome wote.

Mwaka 1968 Keino alikwenda Mexico City kwenye Michezo ya Olimpiki. Alikuwa na vijiwe katika mfuko wa nyongo, na tumbo lilimuuma sana. Katika mbio za mita 10,000 alianguka kwa maumivu ikiwa imebaki mizunguko miwili tu. Baada ya hapo alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Madaktari walimshauri asikimbie tena. Tarehe 20 Oktoba alikimbia mita 1,500, akashinda na kupata medali ya dhahabu.

Basi tuone. Mita 1,500 alizikimbia kwa muda usiofika dakika 4. Marathoni huchukua saa 2, 3, 4 au zaidi. Tena, vijiwe vya nyongo si homa. Na mwili wa Keino mwenyewe ulikataa katika mbio zilizokuwa ndefu zaidi. Watu hukumbuka dhahabu tu, husahau kuanguka.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 20 Oktoba 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari alikimbia marathoni. Alianguka njiani akaumia goti. Hata hivyo aliendelea mpaka mwisho, akawa wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Sisi sote tunamheshimu. Lakini Akhwari alikutwa na ajali akiwa tayari njiani. Swali letu ni la mtu anayejua kuwa ni mgonjwa kabla hata ya kuanza.

HOMA HUFANYA NINI MWILINI

Mwili wenye homa unapigana na vijidudu. Hiyo ni kazi kubwa. Kukimbia kilomita 42 nako ni kazi kubwa. Ukifanya yote mawili pamoja, ni kama kulimisha jozi moja ya ng'ombe mashamba mawili kwa wakati mmoja.

Kwanza, joto. Mkimbiaji mzima huweza kufikia joto la nyuzi 39 akiwa njiani. Je, anayeanza akiwa na nyuzi 38 na nusu atafika wapi? Joto likizidi sana, mtu huchanganyikiwa, huanguka, na anaweza kufa.

Pili, moyo. Baadhi ya virusi, hata vya mafua makali, huweza kuingia katika misuli ya moyo na kuuvimbisha. Moyo ulio hivyo ukikimbizwa sana, mapigo yake huweza kuvurugika ghafla. Mtu huanguka bila onyo.

Tatu, maji. Mwenye kuhara au kutapika amepoteza maji na chumvi. Njiani atapoteza tena kwa jasho.

MAZUNGUMZO KATIKA ZAHANATI

Tuseme kijana wetu anakwenda zahanati Alhamisi asubuhi. Hilo ni jambo jema, maana malaria haijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa kupimwa damu.

KIJANA: Shikamoo, mama.

MUUGUZI: Marahaba, mwanangu. Kipimo kimeonyesha malaria. Utameza dawa ya mseto mara 2 kwa siku, siku 3. Meza pamoja na chakula, wala usiache hata ukijisikia nafuu.

KIJANA: Basi nitamaliza Jumamosi jioni. Jumapili si nitakuwa nimepona? Nina mbio.

MUUGUZI: Dawa huua vijidudu. Lakini vijidudu hivyo vimekwisha kuharibu chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba hewa safi mwilini. Damu hairudi kwa siku 3. Tena malaria huvimbisha bandama, hapo kushoto chini ya mbavu. Ukianguka au ukigongwa hapo, inaweza kupasuka.

KIJANA: Na nikimeza vidonge vya maumivu asubuhi ile, nikaanza polepole?

MUUGUZI: Vidonge huficha homa, haviondoi ugonjwa. Vingine, kama diklofenaki, vikikutana na mwili uliokaukiwa maji huumiza figo. Mwanangu, mbio za mwaka huu zikikupita, za mwakani zipo. Figo utazipata wapi?

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Si kila ugonjwa unakataza kukimbia. Mafua madogo ya pua ni jambo jingine. Jioni ya siku moja kabla ya mbio, jibu maswali haya:

1. Je, nina homa, au nimekuwa nayo siku hizi chache? Kama ndiyo, usianze.

2. Je, ugonjwa uko juu ya shingo au chini ya shingo? Kamasi kidogo, au koo kuwasha bila homa, huweza kukuruhusu kuanza polepole. Kikohozi kizito, kifua kuuma, kuhara, kutapika, au viungo kuuma mwili mzima: usianze.

3. Je, moyo unapigaje? Pima unapoamka, kabla ya kutoka kitandani. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2. Tuseme siku zote unapata 29 × 2 = 58. Leo umepata 36 × 2 = 72. Tofauti ni 14. Tofauti ya 10 au zaidi ni dalili kwamba mwili bado una kazi nyingine. Kwa hiyo, andika hesabu yako kwenye daftari tangu siku za mazoezi. Bila daftari hutakuwa na cha kulinganisha.

4. Je, ninakula na kunywa vizuri? Mkojo ukiwa wa rangi nzito kama chai ya rangi, mwili umekauka.

Jibu moja baya linatosha kukuzuia. Ukiwa na shaka, muulize mganga wa zahanati.

Jibu maswali hayo ukiwa nyumbani, pamoja na mtu unayemwamini, kama vile mke, mume au mwalimu wako wa mazoezi. Usingoje mstari wa kuanzia. Pale kuna ngoma, kuna wenzako, kuna makelele. Pale kila mtu hujiona mzima.

Ukianza na mafua madogo, kisha ukasikia kizunguzungu, kifua kubana au moyo kwenda ovyo, simama hapo hapo. Waite wahudumu wa afya.

FEDHA NA AIBU

Mara nyingi kinachomsukuma mgonjwa kuanza mbio ni aibu kuliko miguu. "Baba mdogo aliuza mbuzi kwa ajili yangu, nitamwambia nini?"

Kwa hiyo, wanaochanga wazungumze mapema. Waseme wazi mbele ya mkimbiaji: "Ukiugua, usikimbie. Hatutakudai." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Naye mkimbiaji awaulize wenye mbio mapema kama namba yake inaweza kuhamishiwa mwaka unaofuata. Mbio nyingine huruhusu, nyingine haziruhusu.

Tena, mazoezi ya miezi minne hayapotei kwa wiki mbili za kupumzika. Baada ya homa kwisha kabisa bila vidonge vya kuituliza, anza kwa kutembea. Siku zifuatazo kimbia polepole dakika 15 au 20. Mapigo ya asubuhi yakirudi kama zamani, ongeza kidogo kidogo. Baada ya malaria, ngoja mpaka mganga akuambie damu imerudi.

Jirani akikuuliza kwa nini hukukimbia, usione haya. Mwambie, "Nilipima, nikaona sipo sawa." Kuanza ni rahisi, kila mtu anaweza kuanza. Kujizuia wakati wote wanakutazama ndiko kugumu zaidi, nako pia ni ushujaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mfano wa Keino hautoshi kumfanya mwenye malaria akimbie marathoni?
2. Vidonge vya maumivu vina hatari gani kwa mkimbiaji mgonjwa?
3. Mtu huwa na mapigo 60 asubuhi. Leo amehesabu 37 kwa nusu dakika. Tofauti ni ngapi? Ungemshauri nini?
4. Ni kazi gani nyingine hapa kijijini ambazo watu huzifanya wakiwa na homa kwa kuona haya? Tufanye nini ili wasione haya kupumzika?